Mama na Mwili Wake wa Baridi

Mimi nauza jibini, ambayo kwetu tunaiita fromaji. Naitangaza mapema kazi yangu ili mtu asidhani nimesomea mambo ya miili ya watu. Nanunua kwa wafugaji wa vilima vya Masisi, huku kwetu Kivu, nafunga mzigo kwenye magunia, naupakia pikipiki hadi Walikale, na kule unaisha upesi, maana watu wanaoshuka kutoka machimbo ya Bisie hula vizuri siku wakiwa na kitu mfukoni. Nimeifanya kazi hii barabara ikiwa mbaya na ikiwa mbaya zaidi, na sijawahi kurudi na mzigo. Watu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na ndio unaonilisha.

Mdomo huo nimeurithi kwa mama. Yeye anaishi juu ya Kashuga, kwenye kilima chetu, na ng'ombe waliosalia baada ya vita kupita na kurudi na kupita tena. Kwa desturi ya watu wetu, mwanamke hakamui. Wanaume hukamua, mwanamke hupokea maziwa, huyatunza, huyasuka kwenye kibuyu, na kuamua nani anakunywa. Lakini baba alipofariki na kaka zangu wakatawanyika, mama alianza kuingia zizini mwenyewe, hakuomba ruhusa ya mtu. Hakamui hata leo, ila viwele anavijua. Ng'ombe wa jirani akishikwa na kiwele, upande mmoja ukawa mgumu, mama ndiye anayeitwa. Anapaka siagi ya ng'ombe, anasugua taratibu asubuhi na jioni, na mara nyingi ule ugumu unalainika.

Ana tabia nyingine: kila ng'ombe ana maelezo yake. Huyu ni wa moto, usimlishe majani makavu. Huyu anaogopa mvua. Yule ana huzuni tangu ndama wake aibiwe, mwache atembee. Nilipokuwa mdogo niliona ni maneno tu ya kupitisha jioni. Sasa naona ndiyo yaliyomfanya aamini haraka vile.

Mambo yalianza safari moja aliposhuka nami Walikale kumwona dada yake mdogo. Mama alikuwa anachoka bila sababu, miguu yake ilikuwa baridi hata jua likiwaka, na usingizi ulimkimbia. Mimi nikiwa sokoni, yeye akaingia peke yake kwenye duka la mfanyabiashara mmoja Mnande, mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, anayeuza mabati, betri za sola, kandambili, na kwenye rafu ya mwisho, dawa za Kichina.

Huyo Papa, kama tunavyomwita kwetu mwanamume mwenye umri wake, alikuwa akienda Guangzhou, kwa Wachina, kufunga mizigo. Safari moja tumbo lilimlaza huko, akatibiwa na bibi mmoja wa majani na mizizi, na kwa kuwa ni mtu asiyetulia, akarudi tena na tena kwa yule bibi kujifunza. Alichorudi nacho ni picha kubwa ukutani yenye miili ya watu imechorwa kwa aina. Kuna mwili ulio sawa, na huo ni mmoja tu. Mingine yote ina upungufu wake: mwili usio na nguvu ya pumzi, mwili wa baridi, mwili mkavu wenye joto la ndani, mwili wa unyevu na kohozi, mwili wa unyevu na moto, mwili ambao damu yake inatuama, mwili ambao pumzi yake imefungwa kwa mawazo, na ule unaopiga chafya kwa kila kitu.

Alimuuliza mama maswali mengi. Unalala? Miguu inapoa? Choo kikoje? Unapenda maji ya moto au ya baridi? Akamwambia atoe ulimi, akautazama. Nilipofika kumchukua, mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameng'aa kama bibi harusi.

"Miye niko na mwili ya baridi," akanitangazia mbele ya wateja. "Njo maana. Haiko uzee. Haiko uchawi. Iko baridi."

Sijamwona mama akifurahi vile tangu ng'ombe wake waliopotea walipopatikana. Alirudi Kashuga na pakiti ya unga wa mizizi na orodha ya makatazo kichwani: asinywe maji ya baridi, asile matunda mabichi, asilale chini, asikae kwenye upepo, na maziwa asiyanywe yakiwa yamepoa. Hapo kwenye maziwa ndipo nilipocheka. Nyumbani kwetu maziwa hayachemshwi. Wazee walishika kwamba ukiyaweka maziwa motoni unaunguza kiwele cha ng'ombe aliyeyatoa, na mama, pamoja na ulokole wake wote na viti vya mbele kanisani, hajawahi kuyachemsha hata kikombe. Nikadhani sasa amepatikana. Lakini mama hana dogo. Alianza kusimama kwenye mlango wa zizi asubuhi, kikombe mkononi, na kunywa maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe. Picha ya Mchina ikaridhika, na wazee wakaridhika.

Kisha akaanza kutupanga sisi sote. Mchungaji wetu alikuwa na pumzi iliyofungwa, kwa sababu ya ugomvi wa wanakwaya. Mke wa jirani alikuwa wa kohozi. Mimi, aliniambia bila haya, ni wa unyevu na moto: uso wa mafuta, hasira za karibu. Wanawake wa kambi ya wakimbizi pale chini, ambao huja kwake kwa maziwa, walianza kuja pia kuonyesha ndimi zao. Nilimwacha. Mama ambaye anacheka ni afadhali kuliko mama ambaye amelala amegeukia ukuta, na ule unga ulikuwa ukimpa hamu ya kula.

Nilichokiona baadaye kilikuwa doa. Blauzi zake zote zilikuwa na doa la mafuta upande wa kushoto, juu ya titi, na zilinuka siagi. Mara ya kwanza nilidhani ni kazi ya zizini. Mara nyingine nilimwona akinyanyua kibuyu cha kusukia, akakunja uso na kukihamishia mkono wa kulia. Nikamuuliza.

"Titi imeshika kidogo," akasema. "Inalainika."

"Nionyeshe."

"Weye munganga?"

"Mama, nionyeshe."

Tulivutana hadi akachoka, akafungua. Ngozi ilikuwa imeingia ndani kidogo, kama mtu amebonyeza unga kwa kidole, na chini yake kulikuwa na kitu kigumu kisichosogea. Alikuwa akikisugua kwa siagi tangu mvua zilizopita, asubuhi na jioni, vilevile anavyosugua ng'ombe. Alinieleza kwa uhakika kabisa: upande mmoja umeshika, siagi na subira vitafungua. Hakuna mama wa mjini ambaye angefanya hivyo. Ni mtu aliyeponya viwele vya kilima kizima tu ambaye angeweza kukaa na ugonjwa ule kifuani na kuamini kwamba anaujua.

Niliogopa. Lakini woga kwangu hutoka kama ukali, na nilimwambia palepale kwamba kesho tunaenda hospitali ya Kirotshe. Akanikatiza.

"Siendi. Bananikata na kisu. Kisu iko chuma, chuma iko baridi. Na bataniwekea serumu, ile maji ya chupa, inaingia baridi ndani ya damu. Papa wa Walikale alisema baridi njo adui yangu. Unataka kuniua?"

Nikasema yote ninayoyajua na mengine nisiyoyajua. Nikasema uvimbe wa namna hii si baridi. Nikataja kansa, neno ambalo kwetu hulitaji mbele ya mgonjwa. Mama akainuka, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe wake, na siku zilizofuata alinijibu kwa "ee" na "hapana" tu. Nilimleta mchungaji; alimwombea, na mama akamwambia asisahau kupumua vizuri. Nilimpigia simu kaka yangu aliye Goma. Mama akamuuliza kama anavaa soksi. Maji yalinifika shingoni. Ugonjwa ulikuwa unakua, na mama yangu alikuwa amejifungia ndani ya picha ya dukani.

Basi nikashuka Walikale, safari hii bila mzigo hata mmoja. Nilimkuta yule Papa akipima mabati. Nilimpa vidonge vyake mbele ya watu wote. Nilimwambia kwamba amemfanya mama yangu mfungwa huku uvimbe unamla, kwamba anatibu watu kwa kuangalia ndimi kama anayechagua mbuzi, kwamba mama akifa nitakuja kulikalia duka lake. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, sauti chini:

"Uvimbe gani, dada?"

"Uvimbe ya titi!"

Akaweka chini ile tepu ya kupimia. "Mama yako hakuniambia juu ya titi. Aliniambia miguu na usingizi." Akanivutia kiti. "Miye sigusi kansa. Nani alisema ninatibu kansa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kujitetea, nikakutana na mtu aliyeshtuka. Aliniketisha na kunieleza jambo ambalo tangu siku hiyo nimelieleza watu wengi. Ile picha haisemi una ugonjwa gani. Inasema wewe ni mtu wa namna gani, ili ujue kula na kulala na kujitunza. Huko Guangzhou, alisema, yule bibi yake mwenyewe aliwatuma wenye uvimbe hospitalini kwanza, na hospitalini walikatwa kwa kisu na kupewa dawa kali kama watu wengine wote duniani. Majani yalikuja nyuma, kumpa mtu nguvu ya kula na kusimama, tena kwa kumuuliza daktari, kwa maana majani mengine hugombana na dawa. Kwamba mwili wa aina fulani unapata kansa kuliko mwingine, alisikia wakibishana, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna mwili unaoponywa uvimbe kwa tangawizi.

"Basi uje umwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi hanisikii."

Nampa heshima yake: alikuja. Alikuwa anaelekea Goma kwa bidhaa, akapandisha kilima chetu na viatu vyake vya misa, vikajaa tope. Mama alimpokea kama askofu. Akampa maziwa yaliyotoka kukamuliwa, kwa maana mgeni hapiti mlango wetu bila maziwa, na yule Papa, ambaye kwao maziwa ni ya pakiti, akakitazama kikombe na povu lake, akafumba macho, akanywa yote. Kwa hilo peke yake nilimsamehe nusu.

"Mama," akaanza, "kwa nini haukunionyesha?"

"Muntu wa duka anaonyeshewa titi?"

Hata yeye alicheka. Halafu akamweleza kama alivyonieleza mimi, polepole, akitumia mikono. Mama alisikiliza, kichwa ameinamisha. Alipomaliza, mama hakuuliza kuhusu baridi wala chuma. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Bale ba mwili ya baridi, kule kwa Bachina, bakikatwa, banatokaka bazima?"

"Bengine, Mama."

"Bengine."

"Miye siko Mungu, Mama. Bengine banatoka. Benye kukawia sana kwenda, wengi hawatoki. Lakini weye nitakuambia namna ya kujitunza kama muntu wa baridi. Bulangeti, supu ya tangawizi, soksi. Usikubali balaze miguu yako wazi. Kisu kinakata uvimbe tu. Baridi, tutaifukuza nyuma."

Mama alitoka nje, akakaa kwa ng'ombe muda mrefu. Aliporudi, akaniambia nitafute kikwembe chake kizito na blanketi mbili. Nilikasirika, nakiri bila aibu. Nimemlilia na kumpigia kelele na kumletea mchungaji, na mtu wa mabati anafika na neno moja, "bengine", basi, tunafunga mizigo! Sasa nadhani nalielewa lile neno. Mimi nilimuahidi kwamba atapona. Mama amezika wengi, na mtu anayeahidi hivyo alijua ni mwongo.

Kufika Kirotshe kulituchukua kile ambacho barabara zetu huchukua, na vizuizi vyake na maswali yake. Madaktari walimpima, wakachukua kipande cha nyama kipelekwe Goma, na tukangoja kwenye baraza la hospitali, ziwa la Kivu likiwa mbele yetu. Mama alikuwa amejifunga blanketi jua likiwaka, soksi miguuni, wagonjwa wengine wakimshangaa. Niliona ni wakati wa kumtania.

"Hapa hakuna baridi, Mama. Unaweza kutoa hata soksi moja."

Hakucheka. Alikuwa anaangalia maji.

"Weye unawaza niliogopa baridi?" akasema. "Siko mupumbavu. Ile siku ya kwanza niliigusa, nilijua. Kiwele ikishika, inakuwa na joto, ng'ombe inakupiga teke. Hii haikuwa na joto. Haikuuma. Nilijua iko kintu kingine."

"Sasa siagi ilikuwa ya nini?"

"Ya mikono. Mikono inatafuta kazi." Akaipandisha soksi moja. "Mama yangu alikufa na kintu ndani ya titi. Banamke ba kwetu banakufa nayo, na hakuna mwenye kusema jina. Yule Papa alinipa baridi. Baridi iko ugonjwa ya bantu benye kuishi. Unavaa soksi, unakunywa kintu cha moto, unaamuka kesho. Nilitaka kubaki na ile."

Mimi, mwenye mdomo unaonilisha, nilimshika mkono wake na kuuficha ndani ya blanketi pamoja na wangu. Nilimpenda vibaya sana saa ile, na nilimwonea hasira kwa zile mvua zote alizozipoteza akijua. Vyote viwili vilikuwa kweli, na sijavitenganisha hadi leo.

Jibu liliporudi lilikuwa lile tulilolijua. Ilikuwa kansa, na daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alisema titi litolewe lote. Mama akakubali kwa sharti. Alimweleza daktari, kwa heshima na kwa urefu, kwamba yeye ni mwili wa baridi. Nilijua atachekwa, na nilikuwa tayari nimejaza maneno mdomoni. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia muuguzi waiweke ile chupa ya serumu ndani ya maji ya vuguvugu kabla ya kumtundikia, na wamfunike miguu. Haikuwagharimu chochote. Mama aliingia chumba cha upasuaji akiwa amevaa soksi zangu za pikipiki.

Alitoka. Kidonda kilikauka kwa muda wake, akarudi kilimani, na sasa anameza kidonge kila asubuhi na kushuka Kirotshe kila anapoitwa, barabara ikiruhusu. Daktari hasemi amepona. Anasema tuendelee kutazama. Unga wa mizizi aliuacha, kwa sababu yule Papa alimwambia auache hadi daktari akubali, na daktari hakukubali. Supu ya tangawizi daktari aliikubali, basi nyumba yetu yote inanuka tangawizi, na ng'ombe pia, nadhani.

Picha ya miili bado anaiamini, na mimi simzuii tena. Ila amebadilisha maswali. Wanawake wa kambini wakija kuonyesha ndimi, anauliza miguu, anauliza usingizi, kisha anafunga mlango na kusema: sasa fungua blauzi. Wengine hukataa. Huwafungulia ya kwake, wakaona upande uliobaki bapa na kovu lake, na yeye amesimama mbele yao, mzima, anawasubiri. Tayari ametuma wanawake kadhaa Kirotshe, na mmoja nilimpandisha mwenyewe kwenye pikipiki yangu badala ya fromaji.

Juzi nilifika nyumbani mchana, nimechoka, nikatupa magunia mlangoni. Mama alinitazama kama anavyotazama ng'ombe wake.

"Lala pale kitandani," akasema.

"Mama, mimi ni wa unyevu na moto. Ulisema mwenyewe mimi na wewe hatufanani."

"Nilisema. Lala."

Nikalala. Akasugua viganja vyake hadi vikapata joto, akaviweka kwangu, akaanza kutafuta, taratibu, kuanzia kwapani. Mimi ninayemfokea kila mtu barabarani sikuthubutu kupumua. Niliangalia mabati ya paa na nikafikiria bibi yangu, ambaye simjui uso, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Mama alifumba macho. Vidole vyake vilikwenda, vikasimama mahali, vikarudi, vikasimama tena palepale.

"Ni nini?" nikauliza.

"Nyamaza."

Vikaendelea. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Alipomaliza alinifunika kwa mkono wake mwenyewe, akafunga vifungo vya blauzi yangu kimoja kimoja, kama alivyofanya nilipokuwa naenda shule.

"Leo hakuna kintu," akasema. "Mwezi mupya, unarudi."

Akakaa pembeni ya kitanda na kuanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu yote yalipoanza, na nikainuka nikamshika.